Kava lililoikaa simu: aina tano bega kwa bega

Wengi huchagua kava kwa mgongo wake: rangi, mchoro, kama linaonyesha simu ndani au la. Mgongo ndio wenye kazi ndogo kuliko sehemu zote. Simu ikiponyoka mkononi, mara nyingi hutua kwa kona au kwa ubavu, na hapo ndipo hujulikana kama kava limeikaa simu au simu imevikwa tu. Kava likiacha nafasi ya milimita moja au mbili kwenye kona, kona ya simu hupata mwanya wa kuligonga kava kwa ndani baada ya kava kugonga sakafu. Ndiyo maana hapa tunaanza na namna kava linavyokaa, ndipo tuje kwenye malighafi. Malighafi nzuri kwenye modeli isiyo yake ni kazi bure.

## Mambo ya kupima kwanza

Modeli. Jina la simu kama watu wanavyolitamka halitoshi. Galaxy A05 na Galaxy A05s zinatofautiana herufi moja, lakini A05 ina kamera mbili nyuma na haina kisoma alama za vidole, wakati A05s ina kamera tatu na kisomaji chake kipo ubavuni, kwenye kitufe cha kuwashia. Usitegemee kava la moja liikae nyingine. Upande wa iPhone, 12 na 12 Pro zina vipimo sawa na huvaa kava moja. 13 na 13 Pro nazo zinalingana urefu na upana, ila kamera za Pro ni kubwa zaidi: kava la 13 haliingii kwenye 13 Pro, na la 13 Pro likivikwa 13 huacha uwazi kuzunguka lenzi. Toleo la 4G na la 5G la jina lilelile huweza pia kutofautiana kamera. Fungua mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, unakili namba ya modeli. Kwa Samsung huanza na SM-. Kwa iPhone, ukikuta namba isiyoanza na A, iguse mara moja, itageuka kuwa A yenye tarakimu nne. Namba hiyo ndiyo inayokuhakikishia una toleo gani.

Ukingo wa mbele na wa kamera. Ukingo ni ile sehemu ya kava inayopanda juu ya kioo. Simu ikiangukia uso kwenye sakafu tambarare, ukingo ndio unaotangulia kugusa chini. Milimita moja juu ya kioo ni kiasi kizuri, na usisahau kwamba protekta ya kioo, ambayo kwa kawaida ina unene wa milimita 0.3 hivi, inakula sehemu ya kimo hicho. Kupima ni rahisi: kunja ukanda wa karatasi ya kawaida mara tatu upate matabaka manane, yaani takriban milimita 0.8. Laza rula juu ya simu iliyovaa kava, itoke ukingo mmoja hadi mwingine. Karatasi ikipita kati ya rula na kioo bila kusukumwa, ukingo unatosha. Ikigoma, ukingo ni mapambo. Rudia upande wa kamera.

Kona. Bonyeza kila kona kwa kidole gumba. Isitoe mlio, isirudi nyuma, isionyeshe mwanya kati yake na fremu.

Vitufe na matundu. Kitufe kibonyezeke kwa nguvu ileile kama simu ikiwa tupu. Kichwa cha plastiki cha waya wa USB-C kinaruhusiwa kufika milimita 12.35 kwa 6.5, kwa hiyo tundu la kava lililo finyu kuliko hapo litauzuia waya usizame hadi mwisho. Wakati mwingine simu itaonyesha inachaji, kisha inakata ukiigusa, na lawama zinakwenda kwa waya.

Joto na kuchaji bila waya. Simu hutoa joto lake kupitia mgongo na fremu, na kava ni blanketi. Kuchaji kwa mfumo wa Qi kwa kawaida hupita kwenye plastiki, mpira au ngozi hadi unene wa milimita 3 hivi. Kwenye chuma hakupiti.

Kuzeeka. Kava zuri siku ya kwanza linaweza kuwa limelegea au kugeuka njano kabla mwaka haujaisha. Hili huulizwa na wachache, na ndilo linalowarudisha dukani.

Neno kidogo kuhusu maandishi ya MIL-STD-810 kwenye boksi. Hicho ni kiwango cha jeshi la Marekani, na kipimo chake cha kudondosha kinachotajwa zaidi kina mianguko 26 kutoka kimo cha mita 1.22 juu ya ubao uliolazwa kwenye zege. Kinaruhusu hadi vifaa vitano kugawana mianguko hiyo, na hakuna ofisi inayogonga muhuri: mtengenezaji anaweza kujipima mwenyewe. Yasome kama ahadi ya muuzaji, kisha urudi kwenye kona na ukingo.

## Kava laini la TPU

TPU ni plastiki laini inayovutika kama mpira. Hili ndilo lile linaloonyesha simu ndani, ambalo mara nyingi huja bure kwenye boksi la simu. Wengine huliita la jeli, wengine la mpira.

Kukaa. TPU huvutika kidogo, hivyo husamehe makosa madogo ya kipimo na huvalika bila kushindana. Anza upande wa kamera, shusha ubavu mmoja, malizia kona mbili za chini. Lakini uvutikaji huohuo ndio ugonjwa wake. Baada ya miezi ya kuvua na kuvaa, mbavu ndefu hupanuka katikati, hasa karibu na vitufe vya sauti. Sukuma ubavu kwa kidole ukielekea nje. Ukiachana na fremu na kuchelewa kurudi, kava limekwisha hata kama bado linang'aa.

Kudondoka. Inategemea kona. Zilizonenepeshwa na kuwekewa vifuko vya hewa hufanya kazi halisi. Kava la TPU lenye unene chini ya milimita moja pande zote huzuia mikwaruzo, basi.

Vitufe na matundu. Tafuta lenye mfereji mwembamba uliozunguka kila kitufe, kwa sababu bila huo kitufe ni uvimbe tu kwenye ubavu na kitakuwa kigumu. Kuna na jambo la flashi: kwenye kava linaloonyesha, mwanga wa flashi hupenya kwenye plastiki na kurudi kwenye lenzi, picha za usiku zikatoka na ukungu mweupe. Piga picha ya kitambaa cheusi gizani, mara moja ukiwa na kava na mara moja bila. Zikitofautiana, tafuta kava lenye pete nyeusi kuzunguka tundu la kamera.

Joto na chaji. Halisumbui, waya au bila waya.

Kuzeeka. Hapa ndipo linapoangusha wengi. Mwanga wa jua na joto hubadilisha plastiki yenyewe, ikawa njano. Sabuni, dawa ya meno na magadi huondoa uchafu wa juu tu, kwa kuwa njano imo ndani ya plastiki na haioshwi. Watengenezaji huongeza rangi ya buluu kidogo ili njano ichelewe kuonekana, ndiyo maana kava jipya ukilitazama kwa ubavu lina kivuli cha samawati. La rangi nyeusi hugeuka vilevile, ila huoni. Madoa yanayofanana na maji yaliyonaswa kati ya kava na mgongo wa kioo si maji: ni plastiki laini iliyonata kwenye kioo. Kava lenye vitone vidogo sana upande wa ndani halina tatizo hilo.

Linamfaa anayetaka kava jepesi, asiyejali kulibadilisha kila baada ya muda, na mwenye modeli ambayo makava yake ni machache.

## Kava la silikoni

Kukaa. Silikoni ni laini kuliko TPU. Makava mazuri ya aina hii yana gamba gumu la plastiki ndani na kitambaa laini kinachogusa mgongo. Yasiyo na gamba hubanduka ukingo wa chini kila simu inapoingizwa mfukoni, na ukingo uliobanduka haulindi kitu.

Kudondoka. Hufyonza kishindo vizuri, lakini mengi yana ukingo mfupi wa mbele kwa sababu ya urembo. Karatasi yako ya matabaka manane ije na wewe.

Vitufe na matundu. Vitufe huwa laini na vizuri. Ukanda mwembamba uliopo chini ya tundu la chaji ndio huchanika kwanza, na ukichanika mara moja kava zima linafunguka chini.

Joto na chaji. Kama TPU, ila huwa nene kidogo, hivyo simu ikipata moto hupoa polepole zaidi.

Kuzeeka. Halikimbilii njano, lakini hukusanya nyuzi na vumbi kama sumaku, na la rangi nyepesi hunywa rangi ya suruali ya jinzi. Kona huanza kung'aa pale ngozi ya juu ilipolika. Huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha hukaushwa kabisa kabla ya kurudi kwenye simu.

Linamfaa mwenye mikono inayotoa jasho, na anayeacha simu kwenye dashibodi au meza yenye mteremko. Halimfai avaaye suruali za kubana: likitoka mfukoni linatoka na mfuko wake.

## Kava gumu jembamba

Hapa zimo plastiki ngumu ya polikaboneti na aramidi, yaani nyuzi bandia imara zilizofumwa.

Kukaa. Haliombi msamaha wala halisamehi. Nusu milimita ikizidi, linacheza, na ikipungua, linapasuka kona ukilishindilia. Likiwa la modeli sahihi, hakuna linalokaa vizuri zaidi yake. Lakini mara nyingi ndilo linaloinua protekta: makali yake huisukuma protekta hiyo kutoka pembeni, hewa inaingia, na mstari mweupe unaonekana ukingoni. Kama unapenda aina hii, chukua protekta isiyofika mwisho kabisa wa kioo.

Kudondoka. Plastiki ngumu haibonyei, hivyo hupitisha sehemu kubwa ya kishindo. Mengi huacha juu na chini wazi ili yavalike, na hizo ni pande mbili zisizo na mlinzi. Ya aramidi yana unene wa takriban milimita moja au pungufu: yameundwa kuzuia mikwaruzo, tusiyadai zaidi.

Vitufe na matundu. Kwa kawaida yameachwa wazi, hakuna cha kukwama.

Joto na chaji. Ndilo linalozuia joto la simu kidogo kuliko yote, na linachaji bila waya bila shida. Angalizo moja: aramidi haipitishi umeme, lakini nyuzi halisi za kaboni hupitisha na zinaweza kudhoofisha mtandao. Kwa macho zinafanana, basi soma maelezo.

Kuzeeka. Polikaboneti hubaki angavu muda mrefu kuliko TPU, ila hukwaruzika haraka na nyufa huanzia kwenye kona ya kamera, mahali watu wanapolichomolea. Mchanga ukiingia ndani hugeuka msasa kati ya kava na fremu.

Linamfaa anayechukia unene, asiyedondosha simu mara kwa mara, au mwenye simu inayopata moto kwenye michezo.

## Kava la tabaka mbili

Ndani laini, nje gumu. Mara nyingi limekuja vipande viwili, au mpira na plastiki vimeunganishwa kiwandani.

Kukaa. La vipande viwili hukaa vizuri kama vipande vimefungana hadi mwisho. Zungusha ukucha kwenye mshono wote. Ukisikia mahali panaposhuka kwa mlio, hapakuwa pamefunga.

Kudondoka. Hapa ndipo nguvu yake ilipo: kona nene, ukingo mrefu mbele na kuzunguka kamera.

Vitufe na matundu. Mifuniko ya mpira kwenye tundu la chaji huzuia vumbi, lakini huchoka kwenye bawaba na kukatika. Tundu lenyewe huwa na kina, hivyo jaribu waya wako mwenyewe. Hakikisha tundu dogo la maikrofoni ya juu, na lile lililo karibu na kamera kama simu yako inalo, halijafunikwa. Likizibwa, unayezungumza naye anasikia kelele za pembeni au sauti yako kama imetoka kwenye debe.

Joto na chaji. Mengi yanakaribia au kuvuka milimita 3, na chaji isiyo na waya huanza kusuasua au kutoa moto. Simu ikipata moto wakati wa kuchaji, ivue kava.

Kuzeeka. Hudumu. Ila lifungue mara moja kwa mwezi, upanguse vumbi lililojificha kati ya matabaka.

Linamfaa anayefanya kazi kwenye ngazi, karakana, shambani au kwenye pikipiki, na mzazi anayempa mtoto simu. Halifai mfuko mdogo, na kishikio cha gari huenda kisilibane.

## Kava la kitabu

Kukaa. Hili lina mfuniko unaofunika kioo na nafasi za kadi. Angalia kinachoishika simu. Kitanda cha TPU kilichofinyangwa kwa modeli yako ni sawa. Gundi, au vibano vya kuteleza vya "simu zote", si sawa: gundi huachia kwenye joto, na vibano hugonga vitufe.

Kudondoka. Hulinda kioo likiwa limefungwa, na wengi hudondosha simu wakiwa wanaitumia. Mfuniko usio na sumaku hufunguka hewani.

Vitufe na matundu. Ukiukunja mfuniko nyuma wakati wa kuzungumza, unaweza kufunika kamera na maikrofoni ya nyuma. Kioo kikijizima chenyewe mfuniko ukiwa umekunjwa nyuma, sumaku yake inakidanganya kihisi cha simu kwamba kava limefungwa.

Joto na chaji. Toa kadi kabla ya kuchaji bila waya. Kadi mbili za kulipia kwa kugusisha zikikaa pamoja, mashine inayozisoma huweza kuchanganyikiwa.

Kuzeeka. Bawaba hupasuka kabla ya kingine chochote. Ngozi bandia humenyuka magamba. Ngozi halisi hulainika na kubadilika rangi.

Linamfaa anayetaka kadi na simu mahali pamoja, na anayebeba simu kwenye mkoba wenye funguo. Usijaze kadi tatu kwenye nafasi ya mbili: zinakisukuma kioo.

## Pete ya sumaku

Hii si aina ya sita, ni nyongeza inayopatikana kwenye aina zote tano: sumaku za mviringo mgongoni zinazokishika kichaji kisicho na waya. Ilienea kupitia MagSafe, mfumo wa sumaku wa Apple, kwenye iPhone 12 mwaka 2020, kisha kiwango cha kuchaji bila waya cha Qi2 cha 2023 kikaileta kwa simu nyingine. Pete isiyokaa katikati hufanya kichaji kishike pembeni na kutoa moto. Sumaku huweza kufuta kadi zenye mstari mweusi na kupotosha dira ya simu. Mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa afuate maelekezo ya daktari. Apple inashauri umbali wa zaidi ya sentimita 15, na zaidi ya 30 simu ikichaji bila waya.

## Kwa hali yako

Kama unadondosha simu kila wiki, chukua la tabaka mbili, au TPU lenye kona nene ukishindwa na uzito. Kama huidondoshi ila mfukoni inakaa na funguo, jembamba gumu pamoja na protekta linatosha. Simu inayoponyoka kwa sababu mgongo wake ni kioo kinachoteleza inahitaji mshiko kuliko unene, nayo silikoni inajibu hilo.

Mwenye iPhone 16 aangalie kitufe cha kamera cha ubavuni. Kinahisi mtelezo wa kidole, kwa hiyo kava liache uwazi au liwe na kifuniko kinachopitisha mguso. Mpira wa kawaida utakibonyeza tu.

Anayechaji usiku kucha bila waya akae chini ya milimita 3, bila kadi wala bamba la chuma la kishikio. Anayepiga picha nyingi gizani afanye kile kipimo cha kitambaa cheusi kabla ya kutupa risiti.

Mwenye simu ya zamani ambayo kava lake halitengenezwi tena asichukue la modeli jirani kwa kukadiria. Alinganishe kwanza urefu, upana na unene kwa tofauti isiyozidi nusu milimita, halafu nafasi ya kamera na vitufe, na achague TPU kwa sababu ndiyo inayosamehe. Mfano mzuri ni iPhone SE ya 2020 na ya 2022, ambazo hukaa ndani ya kava la iPhone 8.

Na kama kava lililoikaa simu mwaka mzima limeanza kujiinua ubavuni au kutofunga kona, usilikimbilie kava jipya. Livue, laza simu kifudifudi mezani na utazame mgongo na mshono wa kioo. Ikiwa mgongo umevimba au kioo kimeachana na fremu, huenda betri imevimba. Usiichaji, usiibonyeze irudi, izime na uipeleke kwa fundi.